Chini ya Gari Kweupe

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, duma jike alikuwa amekaa juu ya kichuguu, kusini mwa barabara inayokwenda kwenye mawe ya mashariki. Uso aliuelekeza kule upepo unakotoka. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi kabla, na manyoya ya mgongo wake yalikuwa yameshikana kwa maji.

Anaeli Nnko alizima injini. Alikuwa dereva na mwongoza wageni wa kampuni moja ndogo ya Arusha. Nyuma yake walikaa dada wawili kutoka Tukuyu: Bupe Mwaisumo, aliyestaafu kazi ya maabara, na mdogo wake Tusekile, mwenye duka la vitambaa. Watoto wa Bupe ndio waliomlipia safari ya siku tatu ndani ya Serengeti, gari la peke yake, iwe zawadi ya kustaafu. Aliambiwa achague mtu wa kwenda naye. Hakuwa na mwingine.

"Huyo chui?" Tusekile aliuliza.

"Duma, mama."

"Mbona kakonda hivyo? Kama marehemu mume wangu alipoanza dawa za sukari."

"Tuse, mwache marehemu apumzike. Angalia mnyama," Bupe alisema, darubini machoni.

Nyasi za chini ya kichuguu zilitikisika. Kilitoka kitoto kimoja, kisha cha pili, kisha viwili vikagombana njiani. Vilikuwa vidogo bado, vyenye manyoya marefu ya kijivu mgongoni kama vimemwagiwa majivu. Tusekile alinyamaza. Lilikuwa jambo geni tangu walipoingia hifadhini.

Bupe alishusha darubini. Aliangalia barabara mbele na nyuma. Hapakuwa na gari.

"Jana kila tulipokwenda tulikuta wenzetu wameshaondoka," alisema. "Simba tumeonyeshwa majani waliyolalia. Leo tumewahi sisi. Imekuwaje?"

"Bahati, mama."

Haikuwa bahati. Anaeli alikuwa amezunguka upande ule tangu asubuhi kwa sababu hakuna aliyemwita kokote. Madereva wa hifadhi hupeana habari kwa redio. Anayemwona mnyama huwaita wenzake, na kesho wenzake humwita yeye. Wanyama huwataja kwa majina ya kificho ili wageni wasijue wanachokifuata na kukata tamaa wakikikosa: simba ni sharubu, duma ni mwanariadha. Mwezi mmoja kabla, mgeni mpiga picha alimsihi Anaeli asimwambie mtu habari za chui mwenye mtoto, naye akakubali. Picha zilipotoka mtandaoni, wenzake walitambua mti, wakajua aliwaficha. Tangu siku hiyo redio yake ilileta salamu na habari za barabara mbovu tu. Habari za wanyama zilihamishiwa masafa mengine.

Hilo lilikuwa limeshafika ofisini. Wageni wawili mfululizo walilalamika kwamba waliona pundamilia na mvua. Bosi wake alimwambia kwa upole, jambo lililomtisha zaidi, kwamba safari ya tatu ya namna hiyo ingemwondoa hifadhini. Angekuwa anapeleka watu uwanja wa ndege na kuwarudisha. Anaeli alikuwa na miaka arobaini na minne, na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kipaza sauti cha redio.

"Unawaita wenzako?" Bupe aliuliza.

"Ndio utaratibu wetu, mama. Ukiona, unasema."

"Usiwaite, mwanangu. Mwenye wachanga haitiwi wageni. Kwetu hata shangazi anasubiri aambiwe aje."

"Shangazi gani alisubiri?" Tusekile aliingilia. "Mimi nilipojifungua Ambakisye walikuja ukoo mzima, wakala ndizi zote, wakaondoka wanasema mtoto ana kichwa kikubwa."

"Na mtoto akaumwa wiki nzima."

"Aliumwa kweli," Tusekile alikubali.

Anaeli aliurudisha mkono kwenye usukani. Duma alishuka kichuguuni, akavilamba vitoto kimoja kimoja, akavilaza kwenye nyasi. Kisha akaanza kutembea kuelekea kundi la swala tomi lililokuwa likila majani mbali, upande wa magharibi. Alitembea kichwa chini. Mbavu zilihesabika. Vitoto havikumfuata.

"Anakwenda kutafuta," Anaeli alieleza. "Akiua, atarudi kuviita."

"Amekula lini?"

"Kwa tumbo lile, si jana."

Duma alilala nyasini kusubiri swala wasogee. Muda ulipita. Anaeli aliiangalia redio mara kadhaa. Hatimaye aliteremka, akasema anakagua tairi, akainama upande wa dirisha lake na kuvuta kipaza sauti nje kwa waya wake. Kwa muda alihamia masafa ya pembeni, akamwita mtu mmoja tu, Lomnyaki Mollel, waliyejifunza naye kazi na ambaye hakuwahi kuacha kumsalimu.

"Nina mwanariadha. Mama na wadogo wanne. Barabara ya mawe ya mashariki. Njoo peke yako."

"Chalii wangu! Kumbe bado uko hai? Peke yangu kabisa."

"Nasema peke yako, Lomnyaki."

"Nimesikia. Kwani mimi redio ya taifa?"

Anaeli alifikiri mtu mmoja ni mtu mmoja. Alisahau kwamba Lomnyaki naye alikuwa na mtu wake. Asubuhi ile Lomnyaki alionyeshwa simba na Kibwana, dereva mkongwe kuliko wote upande ule, yule ambaye neno lake ndilo lililomfungia Anaeli redio. Mtu aliyeonyeshwa simba asubuhi hawezi kukaa na duma jioni akanyamaza. Lomnyaki alimwambia Kibwana, akamsisitizia naye aje peke yake. Kibwana alikuwa na wawili wa kuwalipa.

Gari la Lomnyaki lilifika kwanza, likasimama barabarani kwa adabu. Halafu yalionekana mengine, taa zimewashwa chini ya mawingu mazito, yamefuatana kama yanakwenda msibani. Bupe aliyaangalia yakija. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena.

Gari kutoka nje ya barabara ni kosa hifadhini, na kila dereva aliyekuwapo alilijua hilo. Lakini kutoka barabarani vitoto havikuonekana vizuri, na wageni wa Kibwana walikuwa na kamera. Kibwana aliingia nyasini taratibu, kwa mwendo wa mtu anayejua kuwa hatakemewa. Wengine wakamfuata. Waliizunguka sehemu ya kichuguu wakaacha duara lenye mwanya mmoja, upande wa magharibi, kule alikokwenda mama.

Redio ya Anaeli iliita.

"Nnko, mbona umekaa barabarani kama polisi?" Ilikuwa sauti ya Lomnyaki. "Ingia. Nimekuachia nafasi hapa kwangu."

Mwingine akadakia: "Mwenye mali anakosaje kiti?"

Wakacheka. Anaeli alikuwa hajasikia kicheko cha wenzake redioni kwa mwezi mzima.

"Tusiingie," Bupe alisema.

"Hapa mtaona migongo ya magari tu, mama."

"Nimeshaona nilichotaka kuona."

Anaeli aliwasha gari, akaingia nyasini, akakaa kwenye mwanya wa magharibi, kati ya Lomnyaki na Kibwana. Duara likafungwa.

Mama duma alikurupuka kabla ya wakati, labda kwa kelele za injini, na swala wakamwacha mbali. Alirudi anahema. Alipofika karibu na magari alisimama, akaanza kuita. Sauti ya duma anayeita watoto ni nyembamba, kama ya ndege. Mtu asiyeijua hutafuta ndege angani. Tusekile aliangalia juu. Ndani ya duara vitoto vilisimama, vikazunguka, vikajaribu kupita huku na kule. Magari mengine yalikuwa yakirudi nyuma na kusogea mbele kutafuta picha. Kitoto kimoja kikakimbilia chini ya gari la Lomnyaki, kikatokea upande wa pili. Wageni wakapiga makofi.

"Anamwita nani huyo?" Tusekile aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua. "Wewe baba, waambie wenzako wazime hayo magari."

Anaeli alichukua kipaza sauti. "Jamani, tuzime. Mama anaita."

"Tunazima, tunazima," mmoja alijibu. Wachache walizima.

Mvua ilirudi ghafla, nzito, yenye upepo. Kwa dakika chache haikuonekana hata boneti. Ilipopungua kidogo, saa ilikuwa imekwenda. Hifadhini hairuhusiwi kuendesha usiku, kambi zilikuwa mbali na udongo ulikuwa umeanza kushika magurudumu. Anayechelewa kutoka kwenye udongo ule hulala humo. Magari yalitaka kuondoka yote kwa pamoja.

Kuna desturi moja ambayo madereva wa upande ule hawaivunji. Watoto wa duma na wa simba hupenda kujificha chini ya gari, na aliyeko ndani hawezi kuona chini yake mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuondoa gari, dereva humwomba jirani yake amwangalizie. Jirani akisema kweupe, ndipo huondoka.

"Lomnyaki, chini yangu?" Anaeli aliita.

"Kweupe, chalii wangu."

"Na mimi?" Lomnyaki aliuliza.

Anaeli aliangalia. "Kweupe."

Halafu ilikuja sauti ambayo hakuitegemea.

"Nnko. Kibwana hapa. Niangalie chini yangu."

Yalikuwa maneno ya kwanza ya Kibwana kwake tangu yale mambo ya chui. Anaeli aligeuka. Kioo cha upande ule kilikuwa kimejaa ukungu; alikifuta kwa kiganja. Aliona matope, magurudumu mawili, nyasi zilizolala kwa mvua, na kivuli cha gari. Kivuli kilikuwa kizito. Kushusha kioo na kutoa kichwa kungechukua muda mfupi tu. Nyuma ya Kibwana mtu mmoja alishapiga honi.

"Kweupe, mzee," alisema.

"Asante, kijana. Kesho kuna sharubu upande wa mto. Nitakuita."

Gari la Kibwana liliondoka. Liliyumba mara moja kwenye matope, kisha likapata njia. Mengine yakafuata. Mama alikuwa bado akiita, upande wa giza.

Kambini dada wawili walikula. Tusekile alisema supu ilikuwa na chumvi nyingi, akaimaliza. Walipokuwa wakinyanyuka Bupe alimwambia Anaeli, "Kesho utupeleke pale pale, kabla ya chai." Anaeli alimwambia kwamba kesho kulikuwa na simba upande wa mto, ameshaahidiwa. Bupe alimtazama mpaka akasema sawa.

Kulipopambazuka hapakuwa na mvua. Ukungu ulikuwa chini, na kichuguu kilionekana kama kinaelea. Anaeli aliliacha gari barabarani na kuangalia kwa darubini. Mama duma alikuwa amelala upande wa mashariki, ameloa, na watoto wawili walikuwa kifuani mwake. Aliinua kichwa, akaita. Alisikiliza. Akaita tena.

"Wawili," Bupe alisema.

"Labda wengine wako nyasini," alisema Tusekile.

Darubini ya Bupe ilikuwa imeshuka chini kidogo, kwenye alama za magurudumu zilizojaa maji. Alimpa Anaeli, akamwonyesha kwa kidole. Ndani ya alama mojawapo, pale lilipokuwa limesimama gari la Kibwana, kulikuwa na kitu cha kijivu, kifupi, kimegandamizwa kwenye matope. Manyoya ya mgongoni yalikuwa bado marefu. Tai mmoja alikuwa amesimama karibu, bila haraka.

Mtoto wa nne hakuonekana. Walitafuta kwa darubini kila upande, Tusekile naye. Nyayo za fisi zilikuwa zimekata barabara mbele ya gari, mbichi. Ushahidi mwingine haukupatikana.

"Ulimwambia yule mzee kweupe," Bupe alisema. Hakukuwa na ukali ndani ya sauti yake. Alisema kama anayesoma jibu la kipimo.

"Nilimwambia."

"Uliona?"

"Sikuona vizuri, mama."

Redio iliita. Kibwana alikuwa mchangamfu. "Nnko, kijana wangu, umeamka? Sharubu wako hapa mtoni, madume mawili, wamekaa kama wanasubiri kupigwa picha. Wahi kabla umati haujafika. Na mwanariadha wako vipi leo?"

Anaeli alishika kipaza sauti bila kukibonyeza. Tusekile aliwaza simba. Mama duma alisimama. Alitembea hadi kwenye alama za magurudumu, akamfukuza tai, akanusa, akarudi kwa wale wawili.

Anaeli alibadilisha masafa. Aliweka yale ya wazi, ambayo madereva wote huyasikia na askari wa hifadhi pia, na ambayo dereva hayatumii kusema habari za wanyama wala makosa ya wenzake.

"Duma," alisema. Hakutumia jina la kificho. "Barabara ya mawe ya mashariki. Mtoto mmoja amekanyagwa na gari jana jioni, mwingine haonekani. Tulikuwa nje ya barabara, magari mengi. Mimi ndiye niliyewaita. Aliyemkanyaga aliniuliza kwanza kama chini ni kweupe, nikamwambia kweupe, na sikuwa nimeona."

Kulisikika mtu akibonyeza kipaza sauti chake na kukiachia, mara moja.

Kisha sauti ya askari wa zamu ikaingia: "Gari linaloita, jitambulishe."

Anaeli alitaja jina lake, jina la kampuni na namba ya gari.