Mkono wa Denny Kadlec

Jumanne moja ya mwezi Machi, Lyle Kadlec alirudi kutoka kazini, akavua viatu vilivyojaa matope ya theluji, akateremka kwenye chumba cha chini ya nyumba na kuanza kupanga mikono ya warushaji wa besiboli juu ya meza ya pingpong. Mikono ilikuwa imefika asubuhi, na mkewe Jolene ndiye aliyeiingiza ndani isije ikapigwa na baridi barazani. Ya kulia Lyle aliiweka upande mmoja wa wavu, ya kushoto upande wa pili, kila mmoja juu ya taulo lake. Jolene alimwambia kutoka juu ya ngazi asithubutu kutumia mataulo ya wageni, naye akayarudisha kabatini na kuchukua yale yaliyochakaa.

Ilikuja hivyo kila mwaka. Mrushaji wa akiba ni mtu anayekaa benchi karibu mchezo wote wa besiboli, halafu mwishoni huitwa arushe mipira michache kwa nguvu zake zote, aulinde ushindi ambao wenzake wamehangaikia toka mwanzo. Mtu wa namna hiyo hafanyi kazi kila siku. Siku anayopumzika, huko kwenye kambi za mazoezi za Arizona na Florida, mkono wake hauna la kufanya, basi huja Iowa kukaguliwa na jioni hurudi. Mwenyewe hushinda na koti alilojitupia mabegani, akitazama runinga. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Wakaguzi walikuwa wanaume wanane wa mji wa Cedar Rapids waliojiita Ligi ya Gereji. Kila mmoja alimiliki timu ya besiboli isiyokuwepo. Kabla ya msimu walikutana kwenye gereji ya Rusty Pfohl, muuza matairi, wakachagua kwa zamu wachezaji wa kweli, na kuanzia hapo lolote lililofanywa na mchezaji uwanjani lilihesabiwa kwa aliyemchagua. Bingwa alipewa kiti cha choo kilichopakwa rangi ya dhahabu, akakitundika kwake mwaka mzima. Kwa Rusty kilikuwa kimetundikwa mara nyingi hadi ukuta ukaota alama. Kwa Lyle hakijawahi kufika. Asiyejua atacheka, na ana haki ya kucheka. Lakini mwanamume akishakosa kitu hicho hicho mbele ya marafiki wale wale tangu ana nywele hadi hana, hakiwi tena kiti cha choo.

Na warushaji wa akiba ndio waliomponza kila mara. Mpigaji mzuri ni mzuri, hata mtoto atamchagua. Mrushaji wa akiba leo anaokoa michezo na kushangiliwa, kesho kocha kamchoka na kazi kapewa mwingine, nawe umebaki na jina lisilokuletea kitu. Takwimu zao kila mtu anazisoma kwenye simu. Kilichobaki ni mkono wenyewe, na hapo Lyle aliamini hana mpinzani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukagua magari yaliyopigwa na mvua ya mawe kwa niaba ya bima, na vidole gumba vyake viliweza kuona bonde kwenye bati ambalo macho yamelipita.

Akaanza kubonyeza. Mkono wa kwanza ulikuwa na bega lililolegea. Wa pili ulikuwa umeshapasuliwa kiwikoni na kushonwa vizuri, ungefaa kuchukuliwa mwishoni. Wa tatu ulikuwa wa Teodoro Quiñonez, kijana ambaye magazeti yalikuwa hayajamgundua, na Lyle alipougusa akauvuta karibu. Kano zake zilikuwa zimekaza kama kamba mpya ya kuanikia nguo. Alifurahi, kisha akakumbuka kwamba mkono huo lazima ulishapita kwa Rusty pia.

Mkono wa mwisho ulikuwa wa mdogo wake.

Aliujua kwa kovu la kwenye kifundo, la siku Denny alipokwea uzio wa waya kuufuata mpira ambao Lyle mwenyewe aliurusha vibaya. Denny Kadlec alikuwa na miaka thelathini na minne. Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa amerusha mipira kwenye ligi ndogo, akilala kwenye mabasi na kula siagi ya karanga, hadi mwaka huu kocha wa timu kubwa alipomwambia kwamba michezo yao ataimalizia yeye. Mama yao alikuwa ameshalitangaza kanisani mara mbili, mara ya pili bila kuombwa na padri.

Lyle alibonyeza kiwiko, akabonyeza tena. Kano ya upande wa ndani ilikuwa imelegea na kuchakaa kama mpira wa kiuno wa suruali kuukuu, bado unashika lakini ukiuvuta utakubakia mkononi. Alijua maana yake, na hata wewe ungeijua. Kano iliyochakaa, ikipumzishwa mapema, hupona, na mtu akarudi kabla msimu haujaisha. Ikikatika, hakuna timu inayomsubiri mtu wa miaka thelathini na minne.

Jolene aliteremka kuchukua nguo kwenye mashine.

"Huo si wa Denny?" akauliza.

"Ndiyo."

"Una nini?"

Lyle akasema haupo vizuri.

"Mpigie basi."

"Nitampigia Jumamosi jioni."

"Jumamosi si ndiyo mnachagua?"

"Ndiyo."

Jolene akakunja mashuka, pembe kwa pembe, kisha akasema haya, akapanda juu na kikapu chake.

Hesabu ya Lyle ilikuwa hivi. Akimwambia Denny, Denny atamwambia daktari wa timu, na kesho yake habari iko kwenye simu ya kila mtu. Rusty ndiye aliyekuwa anachagua kabla ya Lyle, na Rusty alikuwa amejiapiza kila mahali, kuanzia dukani kwake hadi kwa kinyozi, kwamba mtoto wa nyumbani haendi kwa mwingine. Rusty akimchukua Denny, Quiñonez ni wa Lyle. Rusty akisikia kwamba Denny ana kiwiko kibovu, jambo ambalo vidole vyake mwenyewe visingemwambia, atamchukua Quiñonez, na ukuta wake utaongezewa alama. Isitoshe, gerejini kulikuwa na desturi ya miaka yote: ulichokihisi kwenye mkono humwambii mtu, wala hukipeleki kwa mwenye mkono. Lyle alijiambia kwamba yeye anafuata desturi. Alijiambia pia kwamba siku chache haziui mtu.

Jioni mikono ilipoondoka, ule wa Denny ulikawia. Ulimshika Lyle shati kwenye kiwiko, ukatulia hapo. Aliufungua kidole kimoja kimoja, taratibu ili asiuumize, akaufungulia mlango.

Denny alipiga simu Alhamisi, Lyle akiwa jikoni anakula mkate uliobaki.

"Kaka, mkono wangu ulipita huko?"

"Ulipita."

"Nilijua tu. Umerudi unanuka uji wa oti, kile kiwanda chenu cha nafaka kitatuua." Wakacheka wote wawili. Kisha Denny akashusha sauti. "Haya, nipe ukweli. Daktari hapa anasema hili na lile, kocha anataka nirushe Jumamosi. Mimi hao siwajui, nakujua wewe. Ukiniambia nipumzike, napumzika leo hii."

Lyle alitazama mlango wa friji. Palikuwa na picha ya mama yao na kadi ya daktari wa meno. Jolene alikuwa kwenye sinki amempa mgongo, na maji yalikuwa yanamwagika juu ya sahani iliyokuwa safi tayari.

"Uko sawa," Lyle akasema. "Umechoka kidogo tu. Rusha."

Neno hilo la mwisho hakuna aliyemlazimisha kulisema. Angeweza kuishia kwenye uchovu. Lilimtoka lenyewe, kwa sauti ile ile ya kaka mkubwa aliyokuwa akiitumia kumwambia Denny apande uzio, na Denny akamshukuru, akasema sasa atalala. Lyle alikata simu. Jolene alifunga bomba, akaenda kukaa chumba kingine.

Jumamosi mchana gereji ya Rusty ilinuka matairi, bia na nyama ya kusaga yenye vitunguu. Walikaa kwenye viti vya kukunja. Mmoja alimuuliza Lyle kama mwaka huu amepanga kuchagua mkono mzima au ataendelea kukusanya mifupa. Rusty akasema mwacheni, ukuta wake una haya, hautaki kuonwa na watu. Lyle alicheka pamoja nao kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Zamu ilizunguka, majina yakapungua, na ilipofika duru ya tano Rusty alisimama, akavua kofia, akaiweka kifuani.

"Denny Kadlec," akasema. "Mtoto wa nyumbani. Mtu asinirekebishe."

Wakapiga makofi. Ni kawaida pia kwamba aliyewahiwa mchezaji hulia na kujigonga paji la uso, na Lyle alifanya hivyo. Alifanya vizuri. "Umeniibia mdogo wangu, Rusty, na nyama yako nimekula," akasema, nao wakaangua kicheko. Kisha kwa sauti ya mtu aliyebakiziwa makombo akamtaja Teodoro Quiñonez. Rusty peke yake ndiye aliyeguna.

Walipomaliza, Lyle aliingia kwenye gari lake na kumpigia Denny kabla hata hajawasha injini. Simu ililia bila kupokelewa. Akapiga tena. Alikuwa bado ameishikilia sikioni Rusty alipotoka gerejini, akainama kwenye dirisha.

"Rudi ndani, Lyle. Ni Denny. Wamemwingiza sasa hivi, karusha, kashika kiwiko."

Kwenye runinga Denny alikuwa anatoka uwanjani, mkono wa kushoto umeubeba wa kulia kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani. Hakuonekana kushangaa. Gerejini mtu akazima sauti. Rusty, ambaye duru yake ya tano ilikuwa imemfia mbele ya macho, hakuisemea hata neno. Alimkumbatia Lyle.

"Pole, ndugu yangu. Na wewe ulikuwa unamtaka. Nilikuona ulivyoumia."

Lyle alisimama ndani ya kumbatio lile akatamani Rusty amtukane. Aliona haya hadi miguuni, haya ya kweli, ambayo haimwachii mtu hata pa kuweka macho. Lakini akili yake, bila kuagizwa, ilikuwa imeshaanza kukokotoa Quiñonez atapata nafasi lini.

Quiñonez aliipata mwezi Mei. Aliokoa michezo kiangazi chote, na kila alipookoa simu ya Lyle ililia kumpongeza. Denny alipasuliwa, timu ikampa mkono wa kwaheri kwa barua fupi, akarudi kukaa kwa mama yake kwenye chumba alicholelewa, karatasi za ukutani zikiwa bado na picha za roketi. Kanisani mama yao hakutangaza tena kitu. Septemba ilipokwisha Lyle alikuwa bingwa. Walimletea kiti cha choo kwa msafara wa magari ukipiga honi, na Jolene alipoulizwa kitundikwe wapi alisema popote asipopita yeye.

Jumapili iliyofuata Denny alikuja kula. Alileta vikeki vya jamu ya plamu vilivyotoka kwa mama, akampongeza kaka yake, akaomba akaone kiti, akakisifia rangi. Mezani palikuwa na nyama ya kuoka, viazi vya kuponda na mchuzi. Mara walipokaa, mkono wake wa kulia ulijivua kwenye kitambaa ulichofungiwa shingoni, ukajikokota polepole kuzunguka bakuli la viazi, ukaja kulala kando ya sahani ya Lyle, kiwiko juu, kovu jipya likiwa jekundu bado. Jolene alisogeza mchuzi usimwagike.

"Umekuzoea," Denny akasema.

Lyle akasema ni kweli, akauwekea kitambaa cha mezani chini yake.

"Unajua, kaka, nililifikiria sana hili hospitalini," Denny akasema. Alikuwa anajaribu kukata nyama kwa upande wa uma, nayo inamponyoka. "Ile mikono inapita kwa watu wengi. Ningekuwa sikukuuliza wewe, hadi leo ningekuwa nawaza kwamba kuna mtu alijua akaninyamazia. Ningemchukia mtu nisiyemjua mpaka nife. Ila wewe uliushika, ukaniambia uko sawa. Basi ilikuwa ajali tu. Nalala vizuri kwa sababu hiyo."

Jolene aliweka kisu chake chini. Alimtazama mumewe, akangoja, hakuwa na haraka. Bakuli la maharage lilienda kwa Denny likarudi. Lyle alifungua mdomo, na Denny akainua macho kumsikiliza, uso wake umetulia kabisa.

"Lete hiyo sahani," Lyle akasema.

Aliivuta sahani ya mdogo wake karibu, akamkatia nyama vipande vidogo vidogo, akakata hata vile ambavyo vilikuwa vidogo tayari, kisha akamrudishia. Denny akamshukuru, akaanza kula.