Jedida Ndani ya Kioo

Asubuhi ya kliniki, Adhiambo wa maabara alifuta lenzi ya hadubini, akaweka kioo chenye seli za marehemu Jedida, akampisha Mzee Dena kitini.

"Leo anapalilia," alisema. "Ila usiguse hiyo skrubu, mzee. Juzi ulimpoteza, tukamtafuta mpaka chai ikapoa."

Dena akafumba jicho moja. Mkewe alikuwa palepale kati ya seli zilizotiwa rangi, mdogo kuliko punje ya mtama, leso kiunoni, jembe mkononi. Mahindi yake yalikuwa ya buluu na waridi. Alikuwa amewapa mgongo, kama alivyokuwa akifanya akikasirika.

Wakati wa uhai wake hospitali hii haikuwa na maabara ya seli. Vioo vya wanawake waliopimwa saratani ya mlango wa kizazi vilitiwa sandukuni, vikangoja gari la Mombasa. Jibu la Jedida lilifika kwao Kakuyuni matanga yakiwa yameshaanuliwa. Maabara ilipofunguliwa hapa Malindi, vioo vya zamani vilirudishwa vitumike kufundishia, naye akarudi navyo.

"Bado amekununia?" aliuliza Adhiambo.

"Si mimi. Ni huyu."

Vivian, binti yao, alikuwa ameegemea mlango, mkoba kwapani. Alikuwa akitokwa na damu nje ya siku zake, lakini alisema amemsindikiza baba tu.

"Mtanipima, kisha nikae kungoja kama mama," alisema. "Bora nisijue."

"Njoo umwambie mama yako mwenyewe," Dena alisema.

Vivian akainamia hadubini. "Shikamoo, mama."

Jedida akageuka. Akamtazama bintiye, akanyoosha jembe kuelekea chumba cha uchunguzi, kisha akaendelea kupalilia.

"Kufa amekufa, kutuma watu hajaacha," Vivian alinung'unika, akaingia.

Adhiambo alipaka seli za Vivian kwenye kioo, akakitumbukiza katika spiriti kabla hazijakauka, akakitia rangi. Jibu lilitoka wiki ileile. Seli zilikuwa zimeanza kuharibika, lakini mapema. Vivian akatibiwa, akapona.

Msimu wa mavuno baba na binti walipeleka maabara gunia la mahindi mabichi. Katika kioo, Jedida alikuwa amekaa, uso amewaelekezea, akichoma hindi lake. Dena alimshukuru Adhiambo, akaishukuru na hadubini, kwa sauti, kama mtu anavyomshukuru jirani.

Wakirudi, walipita zahanati moja ya kijijini kumjulia hali muuguzi. Dirishani palikuwa na sanduku la vioo, vumbi limelikalia.

"Vya kupelekwa Malindi hivyo," muuguzi alisema. "Vinangoja gari."

"Tupe sisi tuvipeleke," Dena alisema.

"Haviruhusiwi kubebwa ovyo, mzee. Ni mpaka gari la kazi, nalo halina mafuta."

Dena akatega sikio kwenye kifuniko. Ndani, majembe mengi yalikuwa yakilima, kila moja kwa mwendo wake. Sauti ya mwanamke ikauliza kama gari limefika.

"Bado, mama," Dena akajibu, akalifuta sanduku vumbi kwa kofia yake.