Zamu ya Kitinda

Mvua ilipoanza tena, Mama aliingiza mashuka ndani na kuyaanika kwenye rungu la jitu. Rungu lilikuwa limeinuliwa hivyo hivyo tangu pambano lianze, juu ya kiti cha Kitinda, na lilibeba mashuka mawili na foronya bila kuyumba. Jitu lenyewe lilisimama kati ya kabati la vyombo na dirisha, limeinamisha kichwa kwa sababu ya dari. Halikumsumbua mtu. Tabu ilikuwa droo ya chini ya kabati, ambayo haikufunguka tena kwa sababu ya goti lake, na vijiko vya wageni vilikuwa humo.

"Wametuma?" Mama aliuliza.

"Wawili wametuma," akajibu binti yake mkubwa. "Bado Kitinda."

Huyo binti alikuwa fundi wa kukata lenzi katika duka la miwani, na Jumapili alisimamia mchezo. Ulikuwa mchezo wa kusimuliana. Kila mchezaji alikuwa na mhusika wake; wa Kitinda aliitwa Mlinzi. Msimamizi alieleza kilicho mbele yao, wao wakasema wanafanya nini, na dadu zikaamua kama wamefaulu. Waliuanza utotoni kwenye meza ile ile ya chakula: yeye, mdogo wake Kitinda, binamu yao ambaye sasa ni muuguzi, na jirani mmoja ambaye sasa anauza matairi. Maisha yalipowatawanya, wakahamia kwenye barua pepe. Safari na mazungumzo vilikwenda vizuri kwa njia hiyo. Mapigano ndiyo yalikuwa kazi, maana hakuna aliyesogea mpaka wote watume amri zao, na pigo lililochukua kufumba na kufumbua mezani sasa lilichukua wiki nzima.

Mara hii lilikuwa limechukua zaidi ya mwaka, na muda wote huo jitu la mchezo lilisimama sebuleni likisubiri amri ya Kitinda. Kitinda alikwenda nchi ya mbali kulinda jengo. Mkataba wake uliisha, lakini pasipoti ilikuwa kwenye droo ya tajiri wake, na tajiri hakuona sababu ya kuifungua. Simu za walinzi nazo alizishika tajiri, akawarudishia Ijumaa tu, kwa muda mfupi. Siku hizi hata Ijumaa zilipita kimya.

Muuza matairi alipita jioni moja, akalizunguka jitu kama anayekagua lori.

"Huyu bwana hachoki?"

"Anasubiri zamu."

"Sikiliza, mkuu. Tulikubaliana wenyewe: asiyetuma, msimamizi anamchezea. Mchezee tuendelee, tunazeeka bwana."

"Nikimchezea, nitakuwa nimezoea kwamba hayupo."

Muuza matairi alitazama kile kiti chini ya rungu. Alikunywa chai yake akiwa amesimama, akaenda zake.

Ukweli ni kwamba dada alimkumbuka sana mdogo wake. Dukani alikuwa akipima kwa rula nafasi kati ya macho ya wateja, na akikutana na kijana mwenye nyusi za Kitinda, alilazimika kupima upya. Hakumwambia Mama. Mama naye alipopanguza kiti kile kila asubuhi, hakumwambia yeye.

Amri ilifika Ijumaa, wakati wa kufunga duka. Ilikuwa fupi, ya mtu anayeandika huku akitazama nyuma.

"Dada, samahani nimewachelewesha. Mlinzi wangu hapigi tena. Kama mlango uko wazi, atoke akimbie. Kama umefungwa, akae nyuma ya ngao asubiri. Msalimie Mama."

Ndivyo amri za mapigano zinavyoandikwa kwenye barua pepe, kwa kama na kama, kwa sababu mchezaji haoni chumba. Anayeona ni msimamizi. Alirudi nyumbani, akaikunjua mezani ramani ya chumba cha pambano. Mlango ulikuwa umefungwa. Aliufunga mwenyewe, kwa kalamu ya risasi, siku ya kuanza kuichora, na ufunguo akauweka shingoni mwa jitu. Katika miaka yote ya mchezo hakuwahi kumpendelea Kitinda hata mara moja. Utotoni mtoto alikuwa akilia na kukimbilia jikoni kushtaki, na dadu zikabaki pale pale zilipoanguka.

Alichukua kifutio akafuta ule mlango, ukutani pakabaki uwazi. Kisha akapuliza vumbi la kifutio, akatupa dadu za wote, na kuifunga raundi.

Rungu likashuka. Mashuka yalikwenda nalo, na kiti cha Kitinda kikavunjika miguu yote minne. Wakati huo huo mlango wa mbele ulifunguka, akaingia Mlinzi, mpana wa mabega, ngao yake imebonyea, na kwenye paji la uso ana lile kovu ambalo Kitinda alilipata kwenye ngazi ya jikoni. Alijifuta miguu kabla ya kukanyaga sebuleni.

"Pambano limeisha?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya Kitinda.

"Kula kwanza," Mama alisema.

Alikula sahani mbili. Mama alimtazama mpaka tonge la mwisho, ndipo akamuuliza kama Kitinda mwenyewe anakula vizuri huko aliko.

"Sijui, Mama. Mimi huletewa amri tu."

Mama akamtandikia kitanda cha Kitinda. Miguu ilichungulia nje ya blanketi, kwa sababu Kitinda alikuwa amemtunga mrefu kuliko yeye.

Kesho yake dada alichukua karatasi mpya. Alichora jengo refu, akachora ofisi, droo iliyofunguliwa, na mlango wazi unaotazama barabara. Alikaa nayo mpaka chai ikapoa. Hakuna kilichotokea. Kule msimamizi alikuwa mwingine.

Ijumaa iliyofuata Kitinda aliandika tena.

"Ametoka?"

"Ametoka. Yuko hapa, anamsaidia Mama kupura maharage."

"Dada. Niambie kweli. Ule mlango ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa wazi."

"Sawa. Huku bado umefungwa. Anza raundi nyingine, nisikie na mimi niko zamuni."

Aliandika: Raundi mpya. Jitu limekasirika. Mnafanya nini? Akawatumia wote watatu.

Sebuleni jitu liliinua rungu, likaganda. Mama alisikia, akatoka jikoni, akatazama dirishani kama mvua bado inanyesha, kisha akaenda kuchukua mashuka.