Mtungi wa Bienale

Kaluki wa Ikutha alikuwa mfinyanzi hodari, hilo hakuna wa kubisha, lakini kwa kushuku watu pia hakuwa na mpinzani. Ukimsalimia asubuhi alijiuliza unataka nini. Usipomsalimia, alijua umeshakipata. Kwa hivyo Mwalimu Mwanamisi alipokuja kutoka Kitui mjini kumwambia kwamba amechaguliwa kwenda ng'ambo kuonyesha kazi yake, Kaluki alimwangalia kwanza kuanzia buibui hadi viatu, kisha akauliza, "Na huko Nairobi wafinyanzi wameisha?"

Mwanamisi alikuwa mwalimu wa sanaa, mzaliwa wa Kitui ingawa wazee wake walitoka pwani zamani, na alikuwa na subira ya mtu aliyezoea watoto wa darasa la nne. Alieleza polepole. Kuna mji wa baridi huko Ulaya, na kila baada ya miaka miwili mji ule hukaribisha wasanii kutoka dunia nzima. Maonyesho hayo yanaitwa bienale. Mzungu anayechagua wasanii aliiona mitungi ya Kaluki nyumbani kwa Mwanamisi, akavutiwa nayo, na sasa anataka mmoja mkubwa kuliko yote aliyowahi kufinyanga. Na mwenyewe Kaluki aende nao.

"Mtungi wa maji?"

"Ndiyo, mama."

"Kwani huko hawana mifereji?"

"Hawatatia maji. Watauangalia tu."

Hapo ndipo Kaluki aliposhuku kabisa. Watu wazima wavushe mtungi baharini ili wauangalie! Mwaka ule wa tisini na tano habari za waabudu shetani zilikuwa kila mahali, na Jumapili iliyofuata mama mmoja alisimama kanisani akaomba Bwana awakinge na wageni wanaotamani vyombo vya watu. Kaluki alisema amina kwa sauti kuliko wote. Lakini Jumatatu alishuka mtoni kuchimba udongo. Alitaka kwenda, jamani. Miaka yote aliyofinyanga hakuna mnunuzi aliyewahi kumuuliza jina lake, waliuliza bei tu.

Aliyembebea udongo ni Nzilani, na huyu Nzilani lazima aelezwe vizuri, maana kesi yote ilimwangukia yeye. Kaluki alifiwa na mumewe kabla hajapata mtoto. Sasa mama Mkamba asiye na mtoto wa kiume ana njia yake tangu zamani: anapeleka mbuzi kwa watu, anaoa msichana, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake na wanabeba jina lake. Msichana wa namna hiyo anaitwa iweto. Mchungaji alilipinga jambo hilo mimbarini, na Kaluki akamngoja mlangoni amuulize kama ni yeye atakayemwachia shamba. Basi Kaluki akaenda mpaka Tawa, upande wa Makueni, kwa mzee Nzomo, akamleta binti yake.

Nzilani alimwita mwaitu, yaani mama, na Kaluki alimfundisha udongo. Walikula sahani moja. Wakianza kucheka jioni, jirani yao Mbinya alikuwa akija mbio asipitwe. Mtoto alikuwa bado hajapatikana, na hilo lilimkera Kaluki, lakini asije mtu akasema hakumpenda yule msichana. Alimpenda sana.

Tatizo lilikuwa moto. Kuchoma vyungu kuna miiko yake. Mwanamume hasogei. Mwanamke aliyelala na mwanamume usiku huo hasogei. Mwenye kinyongo ndiye kabisa, hata awe shangazi yako, kwa sababu moto unamjua. Chungu kikipasuka, mfinyanzi anataka kujua ni nani.

Mtungi wa bienale ulipokwisha kufinyangwa ulimfika Kaluki kifuani, na Nzilani ilimbidi apande juu ya kinu ili aulainishe mdomo. Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza. Nguo hazikauki, kuni zinatoa machozi, na lori la kuchukua mtungi lilikuwa limeshapangiwa siku yake. Asubuhi ile Nzilani aliingiza mkono ndani, akapapasa tumbo la mtungi, akautoa.

"Mwaitu, huku ndani bado kuna ubaridi. Tukichoma leo utapasuka."

Wee! Kaluki aligeuka na mzigo wa kuni mkononi. "Umesema utafanya nini?"

"Nimesema tu bado ni mbichi."

"Hapana. Lile neno lingine ndilo nataka kusikia."

Nzilani akajiziba mdomo kwa mkono. Alijua amekosea. Maneno huumba, na hakuna mfinyanzi anayetaja kupasuka mbele ya chombo kibichi. Kaluki alitema mate kando, akapanga mavi makavu ya ng'ombe na kuni, akawasha. Haukupita muda mrefu mtungi ulilia paa! mpaka watu madukani wakatoka nje. Kaluki hakuuangalia moto hata kidogo. Alikuwa akimwangalia Nzilani.

Tangu siku hiyo macho yake hayakupumzika. Alifinyanga mtungi mwingine, na huku akifinyanga alikusanya mambo. Nzilani alikuwa amemuuliza Mwanamisi, "Na ni mtu mmoja tu anayekwenda?" Swali la kawaida, lakini sasa Kaluki alilisikia upya likawa na meno. Nzilani alionekana kisimani mtoni akicheka na Mbuvi, kijana anayenywesha ng'ombe. Nzilani alikuwa akiimba asubuhi. Mtungi umepasuka na mtu anaimba! Mbinya naye hakusaidia. Alikuja kuomba chumvi, akaketi, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, Kaluki," akaenda zake na chumvi.

Siku ya moto wa pili Kaluki alimpa Nzilani amri asitoke nyumbani. Manyunyu yakaanza. Nzilani akaona kuni zinaloa, akajifunika gunia, akakimbia na mzigo wa kuni kavu mpaka kando ya moto. Kwa nia njema, Mungu ni shahidi. Lakini mtungi haukungoja. Ulipasuka wakati bado anatua mzigo.

"Umelala na Mbuvi," Kaluki alisema.

"Sijalala na mtu, mwaitu."

"Umelala naye ukaja kwa moto wangu."

"Si ni wewe uliyeniambia nimwangalie Mbuvi? Ulisema ni mtu wa watu wazuri, nipate mtoto."

"Nilisema umwangalie! Sikusema siku ya moto!"

"Na sikulala naye. Ni mvua, mwaitu. Udongo haujakauka."

"Funga vitu vyako."

Hata Mbinya, aliyekuwa amesimama kwenye ua akifurahia, alishtuka. "Kaluki, acha hasira. Ukimrudisha, baba yake ataleta mbuzi. Mbuzi wakirudi ndoa imekwisha, na nyumba yako itabaki bila jina."

"Nzomo arudishe mbuzi? Mzee yule amekula nusu yao tayari."

Nzilani alifunga vitu vyake katika kitambaa. Kaluki alikifungua tena mbele yake, akatoa nguo moja moja, akashika hata Biblia kwa mgongo akaikung'uta, asije Nzilani akawa amebeba kigae cha mtungi cha kumroga nacho akiwa mbali. Hapakudondoka kitu. Nzilani alizikunja nguo upya, polepole, akasema "Ubaki salama," akaondoka mvua ikimnyeshea. Kaluki aliingia jikoni akapika chakula cha watu wawili kabla hajakumbuka.

Kisha ikawaje? Barabara ya Ikutha ilikatika kwa mafuriko, lori likachelewa, mvua zikaisha, na mtungi wa tatu ukakaa kwenye jua la Januari mpaka ukalia kama kengele ukiugonga kwa kidole. Kaluki aliuchoma peke yake. Ulitoka mwekundu, mzima, hauna hata unywele wa ufa. "Si mmeona?" aliwaambia watu. "Si mmeona alikuwa nani?" Watu wakaona. Kanisani waliimba. Yule mama wa sala za kukinga naye alikuja kuugusa mtungi, akasema alijua tangu mwanzo.

Kaluki alifika bienale akiwa na Mwanamisi na koti la kuazima. Jumba lilikuwa kubwa kuliko soko lolote alilowahi kuona, na ndani yake hakuna aliyekuwa akiuza. Hilo pekee lilimtia wasiwasi. Mwanamke kutoka Brazili alikuwa ametundika mashati mabichi chumba kizima na maji yakidondoka chini. Kijana wa Poland amemwaga mchanga sakafuni, na watu wanauzunguka kwa heshima kana kwamba kuna aliyezikwa pale. Karibu na mtungi wa Kaluki alikaa mlinzi kwenye kiti, kutwa nzima, akiutazama. "Huyu anautaka," Kaluki alimnong'oneza Mwanamisi. Mwanamisi akamwambia analipwa kuulinda. "Ndio hao hao," Kaluki akajibu. Na walipomletea karatasi iliyoandikwa jina lake waibandike ukutani, aliomba asomewe mara mbili. Jina lilikuwa lake. Aliligusa kwa kidole, akasahau kumshuku mtu kwa muda mzuri.

Upande wa pili wa chumba palikuwa na mitungi mingine, mikubwa, ya rangi ya kahawia, inayong'aa. Kaluki aliizunguka akaigonga kwa kidole. Kazi safi. "Ni ya mama gani huyu?"

Mwanamisi akamwonyesha. Alikuwa mzee, mwanamume mzima mwenye ndevu chache, kutoka Korea.

"Mwanamume anafinyanga? Na mitungi haipasuki?"

Mwanamisi alimuuliza yule mzee kwa Kiingereza, na binti wa mzee akamtafsiria kwa lugha yao. Mzee alicheka mpaka akashika ubavu. Jibu lilirudi kwa njia ileile ndefu: ilipasuka mingi sana. Hasa mwaka wa mvua.

"Muulize," Kaluki alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "ikipasuka anamshika nani?"

Swali lilikwenda. Mzee hakucheka sasa. Alimtazama Kaluki kama mfinyanzi anavyomtazama mfinyanzi, akainua mikono yake miwili, mikavu, yenye nyufa za udongo kama ya Kaluki mwenyewe, akajipiga nayo kifuani.

"Anasema anajishika mwenyewe," Mwanamisi akatafsiri. "Anasema mkubwa kama huu ukiuharakisha, ubichi unabaki tumboni, na moto ukiingia lazima upasuke. Anasema wewe unajua hayo kuliko yeye."

Kaluki alijua. Ndio uchungu wenyewe. Alijua tangu akiwa mdogo akimfuata mamake mtoni, na asubuhi ile ya kwanza mkono wa Nzilani ulipotoka tumboni mwa mtungi aliuona unyevu kwenye vidole vyake. Aliuona kabisa. Alikaa chini kwenye sakafu ya wazungu, na mlinzi akainuka kitini kuja kuona kuna nini.

Siku zilizobaki alikuwa akipanga maneno. Nzilani, nimekuja. Nzilani, nilikosa. Alinunua shali nzuri ya sufu, akaiweka mkobani, akalala ameukumbatia mkoba. Alimwambia Mwanamisi watakapotua atapitia Ikutha kubadilisha nguo tu, kisha aende Tawa siku hiyohiyo, apige magoti mbele ya mzee Nzomo ikibidi.

Lakini alipofika kwake alisikia mlio wa mbuzi kabla hajafika kwenye ua. Walikuwa wamefungwa kwenye miti, wazuri, wamelishwa. Mbinya alitoka jikoni kwa Kaluki akijifuta mikono, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hamu ya kusimulia.

"Nzilani alikuja mwenyewe na baba yake," alisema. "Wamekamilika wote. Badala ya wale walioliwa amenunua wengine, kwa pesa ya vyungu vyake. Anafinyanga huko Tawa siku hizi."

"Alisema nini?"

"Kaluki, pumzika kwanza."

"Mbinya. Alisema nini?"

"Alisema mwaitu akirudi awaangalie mmoja mmoja, macho na meno. Alisema anakujua, usije ukakosa usingizi."

Kaluki alitaka kusema hakuna haja. Alitaka kusema msichana yule hawezi kumletea mbuzi mbaya, hajawahi kumdanganya hata siku moja, na machozi yalikuwa yakimtiririka akitafuta namna ya kulisema. Mbinya akawa anamtazama mikono. Kaluki naye akaiangalia. Ilikuwa imeshamshika mbuzi mweusi taya, imemfungua mdomo, na kidole kinapita juu ya meno.