Simu Tatu kwa Siku

Mimi ni mpiga pasi. Shuka mia na hamsini kwa zamu, nimesimama, kwenye chumba cha dobi nyuma ya hoteli. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani kuchoka kwangu ni kwa kukaa nyumbani nikijitafutia maradhi, kama anavyosema wifi yangu, ambaye kazi yake mpaka leo sijaijua.

Kazini waliniita Zimamoto. Nilikuwa nikifika kituo cha basi, roho inaniruka, narudi kuhakikisha pasi zimezimwa. Nikishazigusa zote sita naondoka, na nikifika kituoni roho inaruka tena. Siku moja nilirudi mara nne mpaka mlinzi akaniambia, "Mama, si uhamie humu tu." Nilicheka naye. Ukishakuwa kichekesho cha watu, hakuna anayekuuliza unaumwa wapi.

Lakini pasi zilikuwa na nafuu. Mzigo wenyewe ulikuwa binti yangu. Tuna huyo mmoja tu, ameolewa, ni karani wa shule kwenye mji ulio mbali, nusu siku kwa basi. Kila siku nilimpigia mara tatu: asubuhi kujua kama ameamka, mchana kujua kama amekula, jioni kujua kama amefunga mlango. Asipopokea, nilimwona ameanguka bafuni, na damu niliiona. Hapo nampigia mumewe, kisha jirani yake, na mara moja nilipiga hadi kituo cha polisi, kumbe mtoto wa watu alikuwa anasukwa nywele. Miaka ishirini na zaidi nimeishi roho mkononi.

Mume wangu ndiye aliyenipeleka kwa daktari, karibu kwa kuniburuta. Daktari hakucheka. Aliniandikia kidonge kimoja kila asubuhi baada ya chai. Nilimwuliza kama ni vile vinavyomfanya mtu ashindwe kuishi bila vyenyewe, akasema hapana, hivi havina uraibu. Havilewishi. Ila vinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na nisiviache ghafla. Nikitaka kuacha nirudi kwake tupunguze taratibu.

Wiki za kwanza niliambulia kichefuchefu na mdomo mkavu. Kwenye wiki ya saba, tukiwa mezani tunakula, nikagundua sijampigia mtu yeyote tangu asubuhi. Niliweka kijiko chini nikaisubiri hofu. Haikuja. Kilichokuja ni uchovu wa miaka yote ile, kana kwamba ulikuwa kwenye foleni ukingoja hofu ipishe. Nililala saa kumi na moja mfululizo, na mume wangu, mtu wa mzaha siku zote, akaniambia kumbe huwa nakoroma, alikuwa hajawahi kupata nafasi ya kujua.

Basi nikawa nampigia binti mara moja kwa siku, baadaye siku nyingi hata hiyo moja hakuna. Habari za vidonge sikumwambia, niliona aibu. Tena nilidhani atashukuru kupumzishwa, maana simu zangu alikuwa akizipokea kwa kuguna, "Mama, niko hai," halafu anakata.

Jumamosi moja mchana aliingia bila taarifa, mkoba begani. Alitupa shikamoo zetu, zote mbili kavu. Kisha akamgeukia baba yake, mimi nikiwa nimekaa pale pale.

"Baba, mama nimemkosea nini?"

"Mwulize mwenyewe. Mimi si msemaji wake," alijibu mume wangu, akainuka kwenda kuweka maji ya chai jikoni.

Binti aliketi mbele yangu. Alikuwa amekonda usoni. "Wiki hii umenipigia mara mbili, Mama. Wiki nzima. Kama kuna neno nimesema, niambie nikuombe radhi, yaishe."

Niliona nikificha zaidi nitaharibu. Nikaenda kuleta kile kikasha cha vidonge, nikamweleza yote, tangu pasi hadi daktari. Alikigeuza mkononi, akasoma maandishi pande zote.

"Kwa hiyo miaka yote ile ulikuwa unaumwa," alisema. "Mimi nikadhani ni kwa sababu unanipenda."

Nilimpenda, nampenda, lakini nilitafuta ni simu ipi ilikuwa ya mapenzi na ipi ya ugonjwa, nikashindwa kuzitenga.

"Viache," akasema. "Uwe kama zamani. Mimi sikuwa na shida na zile simu."

Nilichoka, jamani. Nimesimama nikipiga pasi shuka za watu maisha yangu yote na sijawahi kuchoka kama dakika ile. Hata hivyo nilikuwa tayari. Ni mwanangu. Nilishapanga kichwani kwamba Jumatatu nitarudi kwa daktari, nimwambie anipunguzie, nirudishe usingizi wangu nilikoutoa.

"Hujui nilivyokuwa," aliendelea, sauti imeshuka. "Jumanne mchana hukupiga. Nilitoka ofisini nikajifungia chooni saa nzima. Pumzi haiingii, moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi."

Nikainua kichwa. "Vya mkono gani?"

"Yote miwili. Halafu midomo."

"Na unahisi unakufa?"

"Hapana. Nahisi wewe ndiye uliyekufa. Nakuona kabisa, umelala chini kwenye chumba cha pasi."

Jikoni baba yake aliacha kugonganisha vikombe.

"Imekuanza lini hiyo?" nilimwuliza, ingawa sikutaka kuambiwa.

"Mbona siku zote, Mama. Tangu darasa la nne. Enzi hizo ilitulia nikikuona umerudi kazini; sasa ukipiga inatulia, halafu inaanza tena mpaka upige tena. Si ndivyo watu wote walivyo?"

Niliumia, sitaficha. Mwanangu nilimtia hofu yangu mwenyewe, mara tatu kwa siku, na sikuwahi kuruka hata siku moja. Nilinyoosha mkono nikachukua kikasha changu kutoka mkononi mwake.

"Siviachi," nilimwambia. "Na kesho hurudi kwako. Jumatatu tunakwenda wote kwa daktari."

"Kazini nitawaambia nini?"

"Waambie unaumwa."

"Lakini siumwi, Mama."

"Mimi pia nilisema hivyo, miaka ishirini."

Alikitazama kikasha mkononi mwangu. Mume wangu alitoka jikoni mikono mitupu, akavuta kiti, akaketi karibu naye, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kutuchekesha.