Mtihani wa Waingereza

Basile alikuwa na akili, asikudanganye mtu. Pale Kavimvira, kwenye mpaka wa Uvira na Burundi, kila mfanyabiashara mwenye mzigo wa kuvusha mpaka alimtafuta yeye amtengenezee makaratasi ya forodha, na hakuna aliyejuta. Alichokosa ni sikio la kusikiliza. Mke wake Olive, mwalimu wa watoto wadogo huko Kasenga, alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, akalimeza. Lakini habari ya Noella ilipofika aliapa kwamba hiyo hataimeza. Akaimeza nayo, masikini.

Noella, binti yao wa kwanza, alitaka kuwa daktari. Hayakuwa maneno ya kitoto ya leo daktari kesho rubani. Bibi yake wa Kiringye alipougua sukari, mjukuu huyu ndiye aliyejifunza kumchoma sindano, mkono hautetemeki, wakati watu wazima wamegeuza nyuso ukutani. Mtoto wa namna hiyo unamwombea tu njia iwe wazi.

Njia zilikuwa tatu. Abaki Uvira afanye Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, kama kila mtu. Au avuke Bujumbura kwenye shule za wenye nazo, na huko achague: bac, yaani mtihani wa Wafaransa, au mtihani wa Waingereza.

"Mutoto amesoma na Kifaransa tangu zamani," Olive alisema. "Kama haiko Exetat, basi bac."

"Kifaransa iko naisha, Mama Noella! Dunia yote iko naongea Kingereza. Tena Waingereza hawapotezi wakati. Na miaka kumi na sita mutoto anafanya mutihani mukubwa, anamaliza. Batoto ya hapa watakuwa bado darasani, ya kwetu iko université."

Hapo ndipo palipomnogea: kumaliza mbele ya wengine. Wakavuka. Katika ofisi ya shule yenye mtihani wa Waingereza, mama mmoja mpole akaanza kuwaeleza kwamba mtihani huo ni ngazi ya kwanza tu, kwamba baada yake kuna miaka miwili na mtihani wa pili, na huo wa pili ndio... Simu ya Basile ikalia. Lori lilikuwa limekwama mpakani. Akatoka, akapiga kelele huko nje, akarudi na jasho. "Tumeelewa, madame. Mwandikishe."

Olive alikuwa amesikia yote. Lakini kwao mke hamkosoi mume mbele ya wageni, sembuse wageni wa ng'ambo, kwa hiyo alingoja mpaka wakavuka daraja.

"Baba Noella, yule mama alisema kuna mutihani mwingine mbele."

"Ule ni wa wale wanaenda Ulaya."

Nani alimwambia? Hakuna. Alijitungia palepale, na tangu siku hiyo akauamini.

Noella akakaa kwa shangazi yake Marie-Rose, aliyeolewa Bujumbura. Mwanzoni Kiingereza kilimliza usiku na mchana. Halafu akajikaza, na mtihani ulipofika akaupiga vizuri mno: A karibu kila mahali, na B kidogo.

"Sasa hiyo ni asilimia ngapi?" Basile akauliza, kisha hakungoja jibu, akaenda kununua mbuzi.

Uvira nzima inajua poda ni ya nini. Mtoto akipita Exetat anavishwa nguo nyeupe, anamwagiwa poda kichwani, pikipiki zinapiga honi barabarani, na aliyemwagiwa amemaliza, basi. Noella aliporudi nyumbani na kuona makopo ya poda mezani alimvuta mama yake jikoni.

"Mama, minye sijamaliza. Bado miaka mbili. Nilimwambia Papa ku simu, akasema niko natafuta sababu ya kubakia Buja."

Olive akatoka, akamwinamia mume wake sikioni kati ya viti vya kukodi. Basile hakugeuka hata kichwa. "Weye unataka kunizalilisha mbele ya bantu?" Na kopo la kwanza akalimimina mwenyewe. Olive aliona aibu, akaona hasira, akaona huruma, yote kwa pamoja, kisha akaenda kupakua wali.

Masomo ya chuo kikuu yalipokaribia kuanza, wakampeleka mtoto kuandikishwa udaktari. Bwana wa ofisi akazisoma zile A kwa heshima.

"Papa, huyu mutoto ana akili sana. Lakini sekondari haijaisha. Arudi kulekule amalize miaka mbili, halafu mumulete."

Mlango ulikuwa bado wazi, muelewe vizuri. Shule ilikuwa imemwekea nafasi. Shangazi yake alikuwa hajakunja hata godoro. Noella alifunga sanduku lake jioni ileile.

"Kesho namuvusha," Olive akasema.

"Bantu walikula mbuzi yangu. Wakimuona anarudi shule, nitawaambia nini?"

"Uwaambie ulikosea!"

"Ngoja kwanza."

Basi wakangoja kwanza. Wiki ikaenda, na nyingine, sanduku liko mlangoni, Basile anatafuta maneno ya kuwaambia watu kama vile watu walikuwa wamemuuliza. Halafu vita vikashuka bondeni karibu na Uvira, mpaka wa Burundi ukafungwa, na kabla haujafunguliwa shule ile ikampa mtoto mwingine nafasi ya Noella. Olive alilia mpaka macho yakavimba. Basile alisema ni mambo ya Mungu. Mungu gani? Mungu alifunga mpaka. Aliyemzuia mtoto kabla ya hapo alikuwa amekaa mezani anasubiri chakula.

Noella akaingizwa shule ya sekondari ya Kasenga, darasa moja na mdogo wake Bella, masomo ambayo sehemu kubwa hakuwahi kuyaona kwa Kifaransa. Jumapili ya kwanza, baada ya misa, jirani yao Élisabeth akawasimamisha.

"Baba Noella, niliona mutoto na uniforme. Si tulimumwagia poda?"

Basile akakohoa. "Ilikuwa matokeo ya kwanza tu. Ya mwisho yalipotoka, alianguka. Mutihani wa Waingereza iko nguvu sana."

Damu ikampanda Olive kichwani. Safari hii hakungoja kufika nyumbani.

"Uongo! Noella hakuanguka! Baba Noella, sema ile kitu ulifanya!"

Watu wakageuka. Basile akawa mdogo ndani ya koti lake. Noella akamtazama baba yake, kisha akamshika mama yake mkono.

"Mama, acha. Iko kweli. Nilianguka."

"Pole, mwanangu," Élisabeth akasema. "Usivunjike moyo. Udaktari haiko ya kila mutu. Mutoto mwanamuke anaweza kushona, anaweza kuolewa."

Basile akashusha pumzi. "Ndiyo," akasema. "Na minye niko namwambia vilevile."