Jackton Aliyasema Lini

Mama Irungu anasema alimsikia kwa masikio yake. Alikuwa soko la Gikomba anafungua belo la sweta, Jackton akasimama mbele ya meza yake, akasema: "Ijumaa namchukua mtoto wangu shuleni. Selpher abaki na sare." Mama Irungu huuza mitumba kwa kupaza sauti, na habari ya mtu huitoa kwa sauti ya huyo mtu. Alipomwigiza Jackton pale bombani, Selpher aliacha ndoo ikafurika.

Hiyo Ijumaa ni leo. Jacklyne, binti wa Selpher na Jackton, yuko gredi ya pili, na watoto hutoka saa tisa. Asubuhi Selpher alienda shuleni. Karani akamwambia hawawezi kumzuia baba kwa maneno ya mdomo. Alete barua ya Kiingereza, na aliyesikia atie sahihi.

Ndiyo maana saa saba na nusu nilikuwa kwa Selpher pamoja na Mama Irungu, nimeweka karatasi juu ya sinia. Shule yangu iliishia darasa la nane, lakini wapangaji wa ploti yetu huniletea barua zote, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na sitangazi mambo ya watu.

Niliandika: Jackton said that he. Nikakwama. Mwalimu Bwire alitufundisha kwamba ukishaandika "said", kitenzi kinachofuata kinarudi nyuma kwenye wakati uliopita, "will" inakuwa "would". Ila kama jambo lenyewe bado liko mbele, unaweza kuiacha "will" ilivyo. Nilitaka karani aone jambo linakuja, si la mwaka jana.

"Mama Irungu, aliyasema lini?"

"Si nimesema. Juzi."

"Jumatano?"

"Eva, wewe andika. Unaniuliza kama wakili wa korti ya Makadara."

"Ni ya kitenzi, mama. Lazima nijue siku."

"Hicho kitenzi chako kina maringo."

Selpher hakucheka. Alikuwa anaangalia saa kwa simu.

Mama Irungu alikunja leso, akaikunjua.

"Jumatano sikufungua. Nilikuwa mazishi ya mama wa kanisa. Basi ni Matheka wa mkokoteni alimsikia. Akaniambia jana tukifunga."

"Kwa hivyo wewe hukumwona Jackton."

"Matheka hawezi kunidanganya. Na hiyo sauti naijua, si alikaa hapa miaka mitatu?"

"Alisema Ijumaa gani?"

"Ijumaa ni Ijumaa."

Tulimpigia Matheka mara nne. Mteja hapatikani.

Nikaandika upya, kwa Kiingereza: Mama Irungu anasema Matheka alimwambia kwamba Jackton alisema atamchukua mtoto. "Will" nikaiacha. Nikamsomea Selpher kwa Kiswahili.

"Hao ni watu wengi sana," akasema. "Karani ataona ni umbea."

"Lakini ndivyo ilivyo."

"Mama Irungu, tia sahihi ulimsikia."

Mama Irungu alikuwa ameshafika mlangoni. "Jackton anajua meza yangu iko wapi. Mimi na sahihi, hapana, msichana wangu." Akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Ilikuwa saa nane na nusu. Selpher aliichana ile karatasi mara mbili, akaweka nyingine safi juu ya sinia.

"Jumatano wewe ulipita Gikomba. Andika ni wewe ulimsikia. Weka jina lako tu, Eva. Tafadhali."

Shule ni mwendo wa dakika ishirini. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwangu.